Mate ya Mama Mutuku

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, pale mtaa wa Jericho, ngozi yangu ilianza kunitoka. Nasema hivyo waziwazi kwa sababu watu huniuliza kuhusu madoa haya ya shingoni, na nimechoka kudanganya kwamba nilimwagikiwa na chai.

Ilianza kwa koo. Mama akaninunulia vidonge vya salfa dukani, vikubwa, vyeupe, vichungu ajabu. Nilivimeza zaidi ya wiki. Kisha midomo ikavimba, macho yakagandamana, malengelenge yakapasuka kifuani na ngozi ikabanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa.

Kukhu, mama yake baba, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Kakamega, alijua chanzo papo hapo. Juzi yake Mama Mutuku, jirani yetu wa mlango wa pili, alinishika mkono akasema ngozi yangu inateleza kuliko vinyago vya mumewe. Mumewe alikuwa mchongaji, na Mama Mutuku ndiye aliyevisugua vinyago kwa rangi ya viatu hadi ving'ae, kwa hiyo alijua kuteleza ni nini. Kosa lake ni kwamba alimsifu mtoto wa mwenzake bila kutema mate kidogo ya kuondoa kijicho. Basi ikasemwa amenitupia jicho. Na mtoto aliyepigwa jicho, Kukhu alishikilia, akidungwa sindano anakufa. Hospitali ikapigwa marufuku. Vidonge hakuvikataza, kwa hiyo Mama aliendelea kunipa. Baba alikuwa safarini na lori, na Mama hakuwahi kumpinga mama mkwe wake.

Tiba ilikuwa moja tu: mwenye jicho aje anitemee mate. Nilikuwa sioni, lakini masikio yalikuwa mazima. Nilimsikia Mama Mutuku akiitwa, nikasikia wanawake wakijazana mlangoni. Nilidhani atatukana, maana ukiitwa mchawi mchana kweupe, mbele ya majirani, utafanya nini kingine? Yeye akanifungua mdomo kwa kidole, taratibu, halafu akauliza nimekuwa nikimeza nini. Mama akamwonyesha.

"Nitamtemea mate," akasema. "Lakini mate yangu haiwezi shika kama bado anameza hii. Tupeni yote, halafu mkimbize mtoto hospitali."

"Na sindano?" Kukhu akauliza.

"Nikishatema, Mama, hata sindano haina neno."

Akanitemea kwenye paji la uso. Mama akanifunga leso, tukatoka mbio.

Daktari alisema ni salfa iliyonichoma, mwili wangu unaikataa, na kama ningeendelea kuimeza siku chache zaidi ningekufa. Nililazwa mwezi mzima. Nilirudi nyumbani na macho yangu mawili, na furaha ya Mama siku ile bado inanipasha moto kifua.

Lakini kupona kwangu kukawa ushahidi. Kama mate yake yaliponya, basi na jicho lilikuwa lake. Mama alieleza maneno ya daktari pale kwenye bomba la maji. Wakamwitikia kwa adabu, kisha wakaendelea kuwavuta watoto wao ndani kila Mama Mutuku alipopita. Naona aibu kusema kwamba hata mimi nilikuwa nikimkimbia.

Nilikuwa na watoto wawili nilipomfuata kwake Machakos kumwomba msamaha. Nilimuuliza kwa nini alikubali jina lile la mchawi.

"Kaka yangu alibanduka hivyo hivyo," alisema. "Sisi tulikuwa tunabishana nani amemroga, na huku tunampa dawa ile ile. Ningebishana na nyanya yako, ungekufa tukibishana."

Nililia mbele yake bila haya. Miaka yote nilifikiri alishindwa kujitetea. Kumbe alipima, katika dakika ile moja mlangoni, jina lake na uhai wangu, akachagua. Siku hizi daktari hajashika kalamu nishamwambia: salfa, hapana. Na hata wanangu wamefundishwa kulisema hilo kwa niaba yangu, endapo siku moja sitaweza kusema.

Wakati wa kuagana aliupapasa mkono wangu, akasema bado unateleza. Kisha akakumbuka, akacheka hadi akashika kiuno, akanitemea mate kidogo kiganjani. Sikuyafuta.