Mlango wa Sentimita Sabini na Nane

Wapagazi sita walilishusha tangi la kioo kutoka kwenye lori, wakalipandisha kibarazani mwa nyumba mpya, wakalisogeza mpaka mlangoni. Wakalielekeza hivi, wakalielekeza vile, wakalilaza ubavu, kisha wakaliweka chini juu ya mablanketi na kuanza kutazamana. Mkuu wao, pande la mtu ambaye wenzake walimwita Winchi, alivua kofia akajifutia jasho.

"Mama, hapa halipiti."

"Litapita," alisema Mama Chumvi.

"Halipiti, mama. Tumejaribu pande zote."

Jina la Mama Chumvi alipewa na majirani wa kule alikohama asubuhi hiyo, kwa kuwa hakuna mwanamke mwingine mtaani aliyenunua chumvi kwa magunia bila kuwa na duka. Zamani alikuwa msafishaji wa kliniki ya meno. Daktari aliweka tangi la samaki wa bahari kwenye chumba cha kusubiria, ili wagonjwa wapate cha kutazama na wasisikilize sana mlio wa mashine, na kazi ya kulitunza ikamwangukia yeye, maana kazini kila kisicho na mwenyewe humwangukia msafishaji. Daktari alipofunga kliniki alimwambia amwage maji mtaroni, samaki awafanye anavyotaka. Alichotaka ni kuwapeleka nyumbani. Miaka kumi na moja ilikuwa imepita tangu hapo. Tangi lilikuwa na urefu wa mita mbili, upana wa sentimita tisini na kimo cha sentimita themanini, na vipimo hivyo alivijua kama anavyojua tarehe za kuzaliwa za binti zake wawili.

Sasa samaki walikuwa kwenye mapipa matatu ya plastiki kivulini, vipampu vya betri vikiwapulizia hewa. Mawe yao yalifungwa kwenye taulo zilizoloweshwa maji yaleyale ya chumvi. Walikuwa humo tangu alfajiri, na saa ilikuwa inakaribia sita. Hesabu yake ilikuwa nyepesi na mbaya. Kufikia saa kumi wawe wamerudi kwenye maji mapana, la sivyo maji ya mapipa yatachafuka, na akifa mmoja atawaponza wengine. Katika pipa la kwanza alikuwemo mkubwa wao, kitatange wa buluu mwenye mistari ya manjano, mpana kama sahani ya wali. Alimwita Mkaguzi, kwa sababu ukipita mbele ya tangi alikufuata kioo kizima, akikutazama kama mtu anayetafuta kosa.

Alichukua futi ya kupimia akaunyoosha utepe mlangoni. Sentimita sabini na nane. Akapima tena juu, akapima chini. Sabini na nane.

Hapo ndipo hasira zilipoanza kumpanda, polepole, tangu miguuni. Mlango ule hakuutengeneza mtu baki. Mumewe ni seremala, na kwa miaka thelathini amekula kwa kupima milango ya watu. Nyumba hii waliijenga tofali kwa tofali kwa miaka tisa, na mlango wa mbele aliufanya yeye mwenyewe. Mama Chumvi alikuwa amemwambia mara mbili, chakula kikiwa mezani, kwamba tangi litahitaji mlango wa tisini. Mara zote mbili alijibiwa, "Mke wangu, unataka kumfundisha seremala kupima?" Na kweli asubuhi hiyo kitanda kilikuwa kimepita, kabati la milango mitatu limepita, friji limepita, meza ya chakula imepita, vyote vikiteleza bila kukwaruza ukuta hata kidogo. Kilichogoma ni kimoja tu.

Madirisha yalikuwa na nondo. Mlango wa jikoni ulikuwa mwembamba zaidi. Na mwenye mlango, tangu lori lifike, alikuwa amepata shughuli nyingi sana nyuma ya nyumba. Aliitwa mara ya kwanza, akasema anakuja. Aliitwa mara ya pili, akasema anafunga bomba.

Wifi yake, dada wa huyo seremala, alikuwa ameketi juu ya godoro mbele ya nyumba akijipepea kwa kifuniko cha ndoo. Alikuja kusaidia, na mpaka wakati huo alikuwa amesaidia kubeba mto mmoja.

"Wifi, usijipe presha," alisema. "Si samaki tu hao? Wenzako wanakaanga."

"Na kaka yako ni mume tu," alijibu Mama Chumvi bila kugeuka. "Wenzangu wanadai talaka."

Wifi akaacha kujipepea.

Winchi alikuwa amechutama kwenye kizingiti, akigonga fremu kwa kifundo cha kidole. Alishakula chumvi nyingi katika kazi ya kuhamisha watu, na nyumba aliijua kwa kuigonga. Upande wa kulia ulilia ngo. Upande wa kushoto ulilia mlio mwingine, mzito. "Mama, hebu sogea uone. Huku mbao ni mbili. Hii ya ndani imeongezwa."

Mama Chumvi aliinama. Ubao wa nyongeza ulikuwa na upana wa mkono wake, umesimama tangu chini mpaka juu, umepigwa msasa na vanishi ya rangi ileile, na vichwa vya misumari vimezibwa kwa nta. Bila Winchi asingeuona hata kwa mwaka mzima. Waongo wengine husema uongo na kwenda zao. Wa kwake alikuwa ameupiga randa.

Damu ilimchemka mpaka masikio yakaziba. Aliona yote kwa mara moja, kama mtu aliyewashiwa taa. Wapagazi wangesema halipiti. Yeye angelia. Mumewe angetikisa kichwa kwa huruma, angesema ndiyo dunia, tumpe mtu mwenye nafasi. Kisha angemshika bega na kumbembeleza, kwa mikono ileile iliyogongomea ubao.

"Fundi!" aliita.

Katika miaka ishirini na sita ya ndoa alimwita hivyo akikasirika tu. Siku nyingine zote alimwita baba. Shughuli za nyuma ya nyumba zikaisha papo hapo, na seremala akatokea kwenye kona, mfupi, mkavu, penseli sikioni.

"Mlango huu una ngapi?"

"Si nimekuona unapima."

"Nataka nisikie kwako."

"Sabini na nane."

"Na fremu yenyewe?"

Seremala aliwatazama wapagazi, akamtazama dada yake, akaona hakuna wa kumwokoa. "Tisini."

"Ubao huu umeuweka lini?"

"Mwezi uliopita."

"Mwezi uliopita nilikuwa nakupikia na kukuletea chakula hapa mguu kwa mguu, unakula, unasema asante mama watoto, halafu unarudi kupigilia ubao wa kuniulia samaki?"

"Sikutaka wafe. Nilijua utampa mtu."

"Ulitaka mlango uniambie usichoweza kuniambia wewe. Mwanaume mzima, unatuma mbao."

Mpagazi mmoja alicheka, Winchi akamkata jicho. Mama Chumvi hakujali. Hasira hasara, wanasema, lakini siku hiyo aliona hasara iko kwenye kunyamaza. Alimwambia mambo ya ubao, akamwambia ya mwaka juzi, akamwambia na ya mama yake mzazi ambaye hakuhusika kabisa. Seremala alisimama akipokea, macho chini. Hilo nalo lilimkera, kwa sababu alitaka ajitetee ili apate pa kumshika.

"Sema basi. Wamekukosea nini?"

"Wao hawajanikosea."

"Sema!"

"Vumbi," alisema seremala.

"Vumbi gani?"

"La mbao. Miaka kumi na moja narudi kutoka kazini nasimama nje. Usiingie na vumbi, litaingia kwenye maji. Kung'uta kwanza. Vua shati kwanza. Nenda kaoge uani kwanza. Mvua inanyesha, nimesimama mlangoni kwangu kama mtu aliyekuja kudai. Nikasema, nikijenga yangu, nitaingia na vumbi langu nikae kwenye kiti."

"Ungesema."

"Nilisema. Ulikuwa unapima chumvi."

"Ungesema tena."

"Siku nilipokatika kidole nilisema."

Aliinua mkono wa kushoto. Kidole cha shahada kiliishia kwenye kifundo cha kwanza. Msumeno wa umeme ulikuwa umekichukua miaka mitatu nyuma, na kila mtu pale kibarazani alikuwa amekiona asubuhi hiyo bila kukiulizia.

"Nilikuja nimekifunga kitambaa. Nikabisha. Ukaniambia, simama hapohapo, una vumbi mpaka kwenye kope."

Mama Chumvi aliikumbuka siku hiyo vizuri, hospitali, sindano, daktari kijana aliyekuwa akipiga miayo. Miaka yote alikuwa akiisimulia kuanzia hospitali. Sasa aliikumbuka kuanzia mlangoni, na kweli aliliona vumbi kwanza. Damu aliiona baadaye, ilipoanza kudondoka kwenye kizingiti.

Hasira haikuondoka. Ilibaki palepale kifuani, ila sasa ilikuwa na watu wawili wa kugombana nao, na mmoja alikuwa yeye. Hilo lilimuudhi kuliko ubao. Mtu akikukosea ukiwa na haki yote, unalala usingizi. Huyu alikuwa amemkosea na kumnyang'anya haki papo hapo, mbele ya wapagazi na wifi.

Kipampu cha pipa la kwanza kilianza kusuasua. Alikwenda akabadilisha betri, na Mkaguzi akapanda juu ya maji kumtazama. Aliporudi, seremala alikuwa ameshika mtaimbo.

"Niung'oe au niuache?" aliuliza. "Utakavyosema."

"Usinitwishe mimi."

"Sikutwishi. Nauliza, kama nilivyopaswa kuuliza mwezi uliopita."

Alimnyang'anya mtaimbo. Akauchomeka kati ya ubao na fremu, akaegemea kwa uzito wake wote, na misumari ikalia kama mbuzi. Vanishi ilipasuka. Mara ya tatu ubao ulitoka mzima, na vumbi la mbao na la plasta likamwagika sebuleni, kwenye sakafu aliyoipiga deki jana yake. Hakulifagia. Alishika utepe akapima. Tisini.

Wapagazi walililaza tangi ubavu, wakalinyanyua kwa kuhesabu moja mbili tatu, likapita, likaacha sentimita tano kila upande. Winchi akawaongoza kuelekea ukuta mkubwa wa sebule, mkabala na dirisha, mahali ambapo Mama Chumvi alikuwa amepachora kwa chaki tangu nyumba haijaezekwa.

"Siyo hapo," alisema.

Walisimama, mishipa ya shingo imewatoka. "Wapi basi, mama?"

"Chumba cha nyuma. Kile ambacho bado hakijatiwa mlango."

Seremala aligeuka kumtazama. Yeye hakumtazama. Alikuwa bado na hasira naye na alikusudia kubaki nayo, leo, kesho, na ikibidi mwezi mzima.

"Hapo weka kiti chako," alimwambia, akielekeza kwa mtaimbo ukuta wa chaki. "Na mlango wa chumba cha nyuma nitaupima mimi."