Siku Bato Yangu Iliingia kwa Bakwe bila Hodi

Hii mambo sikutaka kuisema kabisa, na kama si kwamba Kambale mudogo wangu anaisimulia vibaya kila penye kuna chupa mezani (anaongeza vitu, anasema eti niliruka majini na kofia yangu, na mimi sina hata kofia), ningenyamaza nayo mpaka kaburini. Lakini haya yangu imeshaenea Kituku yote, soko letu la pwani, basi heri muisikie kwa mwenyewe.

Mimi ni Mumbere, fundi wa moteri za bato, hizi boti za ziwa, hapa Goma, mutoto wa kwanza kwetu, na tangu papa yetu alipotuacha, mimi njo papa. Kwa hiyo Kambale alipopata muchumba wake Furaha, binti wa kisiwa cha Idjwi, ilikuwa juu yangu kuongoza familia siku ya kupeleka dote, yaani mahari, na kutamka, mimi mwenyewe, mbele ya bakwe, yale maneno ya kumuomba binti. Nilikuwa nimeyajifunza kabisa, ninayasema hata nikinawa uso. Sasa shida ilikuwa kwamba tulishawahi kukosa kufika, ziwa lilichafuka tukabaki Goma na mbuzi zetu, na kule Idjwi batu balikuwa bamepika, bamealika majirani, bamekaa wanaangalia maji. Babake Furaha akatuma neno kwamba atatuandalia mara moja tena, na tusipofika kabla ya jua la mchana, atajua sisi ni batu ba kuchezea mutoto wake na hatapokea tena mutu wa kwetu. Kambale aliacha hata kula.

Patron wangu alikubali tuchukue bato yake, ile nyeupe, ikiwa tu nitamaliza kuitengeneza. Hii bato haina moteri ya kutundika nyuma kama zile zingine; moteri yake inalala ndani, kisha nyuma kuna mguu unaoteremka majini na kubeba helisi, ile feni ya kusukuma maji. Mguu nilikuwa nimeushusha wote, maana ule mpira wake wenye mikunjo ulipasuka na maji yakala beringi. Nikabadilisha mpira, nikaweka beringi mupya, nikapaka grisi kama mama anayepaka mutoto mafuta, kisha tukauinua na munyororo ili meno ya shafti yaingie ndani ya meno ya moteri, na hiyo kazi, ndugu zangu, inavunja mugongo, maana ukipinda kidogo tu haiingii, unazungusha, unasukuma, unatukana kimya kimya, unasukuma tena. Niliapa haitanishinda, na haikunishinda.

Kikabaki kitu kidogo, kable ya vitesi, yaani ya gia. Hiyo inatoka kwenye mguu inakuja mpaka kwenye manete, ule mukono ulio karibu na usukani, ukiusukuma mbele bato inaenda mbele, ukiuvuta inarudi nyuma. Ndani ya kisanduku cha manete kuna matundu mawili ya kufungia kable, moja juu, moja chini, na ukikosea tundu kila kitu kinageuka. Nikafunga la juu. Nikawasha moteri, mguu ukiwa ndani ya pipa tuliyoijaza kwa bidoni za maji, ikanguruma vizuri, nikaingiza vitesi, ikaingia, nikapangusa mikono. Helisi ilikuwa bado kwa muchomeleaji (iligonga mawe ya volkano, ni helisi gani ya Goma haijagonga?), kwa hiyo hakuna kilichonionyesha inageuka upande gani. Kusema kweli, mutu angeinama aangalie shafti angeona, lakini mimi nilikuwa nasikiliza moteri na kujisifu. Helisi ilirudi usiku wa kuamkia dote, nikaifunga haraka, na bato ikaenda majini bila kujaribiwa.

Asubuhi ya dote tukajaa Kituku, mbuzi, kreti za bia, jembe la mahari, bamama na vitenge vya kufanana, na Mujomba Paluku, musemaji wetu, ndani ya koti ambalo amelivaa kwenye kila ndoa ya ukoo. Nikakaa kwenye usukani, nikasukuma manete mbele kwa heshima zote, na bato ikaondoka kinyumenyume mpaka katikati ya mitumbwi ya babavuvi. Mama moja muuza sambaza, dagaa wetu, akaniangalia hivi, bila kucheka, akaniambia, "Papa, Idjwi iko upande wa mbele."

Soko lote likaanguka kwa kicheko. Mimi nilishaelewa, ni lile tundu. Mujomba akaniuliza inaomba muda gani kutengeneza, nikasema kama nusu saa, akasema basi tengeneza, bakwe batatungoja. Na hapa njo nilijiua mwenyewe. Niliangalia jua, nikaangalia Kambale ambaye naye alikuwa analiangalia jua, nikaangalia wale bote banaonicheka, na nikaona kufungua kisanduku mbele yao ni kukubali kwamba nimeshindwa. Nikasema hapana, hakuna shida, nimeshajua iko kinyume, nitavuta nyuma ili iende mbele, kichwa si ninacho? Mujomba akanipendekeza basi mutu mwingine aendeshe, mimi nikae na bazee kama papa wa bwana arusi. Nikakataa pia. Bato niliyoifunga kwa mikono yangu, nani mwingine ataiendesha?

Na safari ilienda vizuri, hilo njo lilinimaliza. Manete iko nyuma, bato iko mbele, ziwa limetulia, bamama banaimba, hata Kambale akaomba kipande cha mukate. Mimi nikaanza kurudilia maneno yangu ya kuomba binti, na tulipoikaribia Idjwi sikukumbuka tena kama kuna kitu kilifungwa juu wala chini.

Sasa kwa hao bakwe kuna desturi. Mugeni wa dote hakanyagi udongo wao mpaka aitwe. Unasimamisha bato majini, musemaji wako anapiga hodi kutoka kule, wao banajifanya hawakujui, banauliza mumepotea, munatafuta nini, batu banacheka, na wakiridhika njo banakukaribisha. Mujomba alishasimama mbele kabisa na kusafisha koo. Pwani niliona hema, bamama banapiga makofi, na karibu na maji meza yenye kitambaa cheupe na mitungi ya kasiksi, pombe ya ndizi, na babake na mamake Furaha bamekaa nyuma ya meza. Moyo ukanijaa. Nikanyooka ili banione vizuri, na ili kusimamisha bato, mukono wangu ukafanya kile umefanya miaka yote, ukavuta manete nyuma, kupita pale ilipokuwa.

Bato ikaruka mbele. Nikaona haisimami, nikavuta zaidi, na kadiri nilivyovuta ndivyo ilivyokimbia, Mujomba anasema "Mumbere, Mumbere, Mumbere" kwa sauti ya mutu anayesali, na mimi bado ninavuta, maana mutu akiogopa hafikiri, anavuta. Bamama ba pwani bakatawanyika. Tukapanda muchanga, tukasukuma meza, mitungi ikapinduka, mbuzi moja ikaruka na kuingia moja kwa moja ndani ya nyumba, Mujomba akakaa chini kwa lazima, na helisi ikabaki hewani inalia mpaka nilipokumbuka kuzima moteri.

Kasiksi ilikuwa inatiririka kwenye suruali ya babake Furaha. Sikuthubutu kumuangalia Kambale, nilijua nimemuharibia maisha, nilitamani ziwa linifungukie.

Muzee akasimama polepole, akauliza nani alikuwa anaendesha. Nikainua mukono. Akauliza kama njo mimi papa wa kijana. Nikasema ndiyo, muzee.

"Mara ya kwanza hamukufika," akasema. "Leo mumefika kupita kiasi."

Mama Furaha njo alianza kucheka, akacheka mpaka akashika bega la mume wake, na pwani yote ikamufuata, na nikasikia Kambale nyuma yangu anavuta pumzi kama mutu aliyetolewa majini. Muzee akakata maneno: familia ikaribie, tuongeze mbuzi moja ya kuingia bila hodi (ile iliyokuwa tayari ndani ya nyumba ilihesabiwa), lakini mimi sitapita uzio wake mpaka ile mashini iwe na adabu, maana yeye hawezi kubarudisha bageni kwao ndani ya kitu kama kile. Mujomba atasema maneno yangu.

Basi bakapanda bote juu kwenye hema, nikabaki. Banaume ba pale bakanisaidia kurudisha bato majini, kisha nikafungua kile kisanduku, na nikiwa nimeinama nikamusikia Mujomba kwa mbali anaomba binti kwa maneno yangu, anayachanganya, anaruka yale mazuri niliyoyachagua, na hakuna cha kufanya. Nikahamisha kable chini. Nikawasha, nikashuka majini mpaka mapajani kuangalia helisi kwa macho yangu, ikageuka upande wake, na wakati huohuo vigelegele vikalipuka kule juu. Bamekubali. Mudogo wangu amepata bibi, na mimi papa yake niko ziwani peke yangu nimeshika spana. Nilifurahi na niliumia, vyote pamoja.

Kumbe kule juu Furaha alipewa sahani ya kumupelekea papa wa bwana arusi, kama desturi inavyotaka, akauliza huyo papa yuko wapi, bakamuonyesha ziwa. Akateremka na kitenge chake kipya mpaka kwenye muchanga ulioloa, akapiga magoti.

"Papa, karibu chakula."

Nilimuonyesha mikono yangu, nyeusi mpaka kwenye viwiko. Akaweka sahani chini, akachota maji ya ziwa, akaninawisha, kidole kwa kidole, bila kuona kinyaa. Nililia pale, na hilo Kambale halisemi, maana hakuwepo.

Tangu siku ile, dote yoyote ya kwetu, hata kama bato nimeifunga mimi mwenyewe, mutu mwingine ataendesha, mimi nitakaa katikati ya bazee na mikono safi.