Mfuko wa Adoyo Usio na Uzi

Ukipita mtaani Mbotela ukamwambia Adoyo apumzike, ujue umemtukana. Ni mjane, mama yake Phares, na tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku ndiye aliyekuwa akikishonea kikundi chetu cha akina mama wa kanisa mifuko ya kubebea vitu. Kisha kiharusi kikampiga. Mguu ulipona, mdomo ukapona (huo hasa, sisi majirani ni mashahidi), ila vidole vya mkono wa kushoto vilikataa. Havishiki sindano, haviongozi kitambaa. Cherehani ikafunikwa, ikawekewa thamosi juu, ikawa meza.

Sally, mdogo wetu kikundini, alipojifungua, tulikaa kupanga kwenda kumwona mtoto kwake mtaa wa Umoja. Desturi ni kwamba kila mama afike na mfuko uliojaa, na mwenye nyumba asiurudishe mtupu. Wacera, mwenyekiti wetu, akasema mifuko tutanunua soko la Gikomba.

"Kwani mimi nimekufa?" Adoyo akauliza.

"La, Mama Phares. Wewe pumzika tu. Tumekutafutia kazi nyepesi, utakuwa unatuongoza kwa maombi."

"Maombi nitaomba kwangu. Mifuko naleta mimi."

"Na ukishindwa?"

"Nikishindwa, ufundi mpeni mnayemtaka. Mimi nitakaa na thamosi yangu."

Hatukuwa wabaya. Tulimhurumia, na huruma ya namna ile inaudhi kuliko matusi.

Nilimsindikiza Gikomba, kwenye marundo ya tisheti zilizobaki, zile ambazo hakuna anayezitaka. Akachagua jezi za mpira kwa sababu zinang'aa, nami nikamsifu kama mjinga. Nyumbani akakata mikono ya jezi moja, akakata shingo ikawa pana, mabega yakabaki kuwa vishikio. Chini akachana vipande vya upana wa kidole, mbele na nyuma, akavifunga viwili viwili. Kwa kuwa mkono wa kushoto haukazi, ncha moja aliing'ata kwa meno, nyingine akaivuta kwa mkono wa kulia. Hakuna sindano, hakuna uzi. Mfuko ukatoka unapendeza. Tukatia vitunguu, tukauinua, na vitunguu vyote vikakimbilia chini ya kitanda. Kitambaa cha jezi kinateleza. Fundo ulilolikaza linajifungua lenyewe.

"Mama Phares," nikaanza.

"Ukiniambia nipumzike, nakutia wewe ndani ya huu mfuko."

Nikaokota vitunguu.

Akarudi sokoni, na safari hii kila tisheti aliivuta na kuiachilia kabla ya kuichukua. Alitaka pamba, nzito, tena za watoto wakubwa, maana tisheti ya mtu mzima ikibebeshwa mzigo huvutika mpaka ikaburutika chini. Matundu yaliyobaki kati ya mafundo aliyaziba pia: kila fundo alilifunga tena na jirani yake, mpaka kitako cha mfuko kikawa kama mkeka. Kisha akaugeuza, mafundo yakaingia ndani. Jioni hiyo alikunywa uji tu. Meno yalikuwa yamechoka, ila yeye hakuwa amechoka.

Siku ya safari alitugawia kila mmoja wake. Wacera akaugeuzageuza wa kwake akitafuta uzi. Hakuuona. Akatia unga, sukari na mafuta ya kupikia, halafu, mbele yetu sote, akachukua tikiti maji kubwa na kulisukumiza juu.

"Wacha tuone," akasema.

"Ongeza na ndizi," Adoyo akajibu.

Tulitembea kutoka barabarani hadi kwa Sally, macho yote yakiwa kwenye mfuko wa mwenyekiti. Ulivutika. Ulining'inia karibu na goti. Adoyo alikuwa mbele na hakugeuka hata mara moja, lakini niliona shingo yake ilivyokakamaa. Mlangoni mama mkwe wa Sally akaupokea, na aliyeyumba ni yeye, si mfuko. Hapo ndipo tulipopiga vigelegele mpaka mtoto akaamka.

Wakati wa kuondoka mifuko ilitoka jikoni ikiwa na viazi na mboga, kama desturi inavyotaka. Wa Wacera haukutoka. Vitu vyake vililetwa kwenye ndoo.

"Nisamehe, mwenyekiti," mama mkwe akasema. "Huu haurudi. Nimetafuta ulikoshonwa nikakosa. Fundi wake ni nani?"

Wacera, nampa haki yake, akanyoosha mkono. "Ni huyu hapa, Mama Phares. Ndiye fundi wetu."

Adoyo akajipigia kigelegele mwenyewe, meno yote nje.

Njiani Wacera akamsogelea, ndoo kichwani, jasho likimtiririka. "Mama Phares, na mimi utanifundisha?"

"Nitakufundisha," Adoyo akasema. "Lakini naona hiyo ndoo imekulemea, dadangu. Kwanza pumzika."