Maranda Mekundu, Maranda Meupe

Mara ya kwanza fundi cherehani kuingia kwenye yadi yangu ya mbao, hakutaka mbao. Alitaka maranda, mifuko miwili: mmoja wa mti mwekundu, mwingine wa mti mweupe, na yasichanganywe.

"Unafuga kuku, dada?"

"Nafuga maji, kaka. Yanakuja kwangu bila kualikwa. Nataka kujua ni ya nani."

Mimi sitoi bure hata kikohozi. Tukaelewana: mimi maranda, yeye ashone turubai langu lililochanika. Alilipiga mshono maradufu, kisha akanionyesha mahali pengine palipoanza kulegea, akaondoka bila kupagusa. Nikajua nimekutana na mwenzangu.

Nami nilikuwa na haja naye. Mtaa wetu umekaa kwenye mteremko. Juu ni barabara. Chini yake yadi yangu na tanuri la mwoka mikate vimepakana. Chini yetu sote ni chumba cha fundi, na nyuma yake kibonde chake chenye matete kinachoshuka hadi mtoni. Nilitaka kukifukia nijenge ghala.

"Siuzi," alisema, pini mdomoni. Nikapandisha bei. "Siuzi, na kuhama sihami."

Mwoka mikate alikuwa ameziba mfereji wa pembeni kwa matofali ya tanuri lake la zamani. Fundi alipolalamika, akamjibu: "Shemeji, aliyekwambia ujenge chini nani? Maji yangu yanakwenda barabarani." Nami nikaitikia, yangu pia. Tuliamini hivyo kweli. Malango yetu yanatazama barabara, tukadhani na maji hutokea langoni kama wateja.

Wingu lilipotanda, fundi akamwaga maranda mekundu nyuma ya yadi yangu, meupe nyuma ya tanuri. Mvua ilipokatika alasiri ile, akatuita chumbani kwake. Maji yalikuwa yamefika kwenye kanyagio la cherehani, na juu yake yanaelea maranda, mekundu na meupe, yamekumbatiana kama maharusi.

"Karibuni. Kila mtu azoe yake."

Mwoka akacheka. "Hayo yamepeperushwa na upepo."

"Upepo huo ndio uliojaza na hii ndoo?"

Akatutoa nje, akatuonyesha lundo la mawe mpakani. "Mkiyaelekeza maji yenu vizuri, nitayapitisha kibondeni mpaka mtoni. Mkikataa, najenga ukuta, yarudi kwa wenyewe."

Nikapiga hesabu kimyakimya. Mbao ikilowa hupinda, na mbao iliyopinda ni kuni. Nikakubali kuchimba mfereji upande wangu, ingawa uliniondolea kipande kizuri cha yadi. Mwoka akatema mate. "Mwanamke mmoja azuie mlima?"

Fundi akajenga. Upande wangu aliacha pengo, upande wa mwoka hakuacha hata pa kupita mjusi. Mvua iliyofuata iligonga ukuta, ikarudi nyuma, ikaingia stoo ya unga. Kulipokucha mwoka yuko mferejini na sururu, anabomoa matofali yake mwenyewe, unga umemganda miguuni kama saruji.

"Na hapo kwenye kona, shemeji," fundi akamwelekeza. "Hapo umeruka."

Mfereji ulipozibuka ndipo akatoboa ukuta wake, upana wa mfereji tu. Uliobaki akauacha umesimama.

"Mbona humalizii kuubomoa?" nikamuuliza.

"Nawajua majirani zangu."

Basi ghala sikulipata, lakini mbao zangu ni kavu. Mwoka alipoteza unga wake na maneno yake. Fundi bado yuko chini, sakafu yake ina unyevunyevu, na maji ya sisi sote yanapita uani kwake kwa ruhusa yake.

Juzi nikamjaribu tena: kibonde kile, bei gani? Hakuinua hata kichwa.

"Lete turubai," alisema. "Pale nilipokuonyesha pameshachanika."