Nilivyowapokea watu wa nyumba kama wakwe

Mnaonicheka hapa Same chekeni tu, mimi mwenyewe nikikumbuka naficha uso kwenye kanga, maana nani mwingine amewahi kuponzwa na ukarimu wake mwenyewe?

Mwenye nyumba alikuwa ameshaniambia nihame, anataka kufungua duka, na mimi na wanangu watatu hatukuwa na pa kwenda. Ndipo nikaomba zile nyumba za serikali za kupanga, za watu wenye kipato cha chini, na balozi wetu wa nyumba kumi akaniambia kuna dada wa ofisi atakuja kuona ninavyoishi. Mtu mwenye akili angefagia akanyamaza. Mimi ni Mpare wa Mhezi, na kwetu mgeni wa posa akija majirani huleta viti na sahani nzuri ili binti asionekane katoka nyumba tupu, basi nikaona huyu dada naye si anakuja kututazama? (Wanatusema Wapare wabahili, siku hiyo natamani ingekuwa kweli.) Nikaazima makochi kwa Mama Eliapenda, televisheni kwa fundi baiskeli, zulia, hadi friji ya muuza soda, nikachinja na jogoo wangu wa pekee.

Dada akafika na balozi, akanipa shikamoo, akazama kwenye kochi, akala vizuri. Kisha akatazama chumba kizima, akasema kwa upole, "Mama, umejaliwa. Hizi nyumba tunawatafutia wenye shida."

"Si vyangu, mwanangu, nimeazima."

"Kila ninakopita watu wanaficha vitu. Wewe unavikana huku nimevikalia?"

Balozi, ambaye alijua kila kitu na alikuwa ameshamaliza paja la kuku, akashauri wenyewe waitwe. Wakaja, na nyuma yao nusu ya mtaa, kila mmoja akabeba chake mchana kweupe: friji ikatoka, televisheni ikatoka, zulia likakunjwa, na Mama Eliapenda akamwambia yule dada, "Samahani mgeni wetu, inuka kidogo tulitoe," naye akainuka na sahani yake mkononi. Watoto wa jirani wakawa wanashangilia kila kitu kinapopita mlangoni. Mimi nimesimama natazama vidole vyangu vya miguu, ila moyoni nasema afadhali, sasa ameona, nyumba nimepata.

Tukabaki na mkeka na masufuria. Dada akaniuliza, safari hii kwa huruma, kwa mwezi naingiza nini. Nikamwambia ukweli wote, kwamba nauza tangawizi stendi, siku nyingine inatoka, siku nyingine narudi nayo. Akapiga hesabu kwenye simu, kisha akairudia.

"Mama, kodi haitakiwi kula zaidi ya theluthi ya kipato chako. Kwako itakula chote. Hatuwezi kukupa."

Nikacheka, kisha nikalia mbele ya watu wote, na Mama Eliapenda akaja akanishika bega (baada ya kochi lake kufika kwake salama).

Kwa sasa tunajibana kwake. Na nimeapa, mgeni wa ofisi akija tena atanikuta nilivyo na atakunywa chai ya rangi. Aibu ya siku ile imeshapoa, hata naisimulia. Linalonichoma ni kwamba nyumba za wenye kipato cha chini zipo, nikipita naziona, na cha kwangu kiko chini ya hicho cha chini.