Firigisi za Igunga

Hasira yangu haijapoa mpaka leo, ingawa sijui tena nimmwagie nani.

Mimi na mke wangu tulidandia lori lililokuwa likifuata pamba Igunga, tukaenda kumtembelea rafiki yangu Masanja. Jumamosi jioni aliwaita majirani, tukala wali kwa kuku. Nikapekua bakuli zima, firigisi haimo. Nani asiyejua kwamba firigisi ni ya mgeni? Nyumbani kwangu huwa haifiki mezani, mke wangu huapa kwamba imeibwa na paka. Kwa hiyo safari hii nilikuwa nimejiandaa.

Jumapili mchana wakachinjwa kuku wawili wa pilau, majirani wakaitwa tena. Firigisi hakuna. Nikaisukuma sahani.

"Masanja," nikasema mbele ya majirani wote, "jana kutwa umenihubiria ujamaa, kumbe firigisi unakula peke yako chumbani. Wewe ni mnyonyaji."

Watu wakaacha kula. Masanja akainamisha kichwa. Nami, kwa kuwa nilikuwa nimeshapandwa na mori, nikaongeza kwamba hata kupe ana haya kuliko yeye.

Mkewe akatoka jikoni akifuta mikono kwa khanga.

"Tusamehe, shemeji. Mkeo alituambia daktari amekukataza firigisi. Ya jana nilimpa yeye, na za leo pia."

Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yake, mlangoni. Nikamtazama yule paka wangu.

Alikuwa bado anatafuna.