Kilima Kilichokatwa Pichani

Wakati wa vita sikuweza kutulia mahali pamoja. Ofisini nilikuwa nikiinuka kila mara kwenda dirishani, na hakuna nilichokuwa nakitafuta huko nje. Jioni, katika chumba nilichopanga Ijuganyondo, nilifagia pale pale nilipofagia asubuhi. Wenye nyumba, mzee na mke wake, Walutheri wapole, walinitania kwamba nimekalia siafu. Nilicheka nao. Sikuwaambia kwamba nilichokuwa nimekalia ni picha.

Nilikuwa mfanyakazi wa ofisi ya habari mjini Bukoba. Kabla ya vita tulishughulika na ujamaa: picha za wanakijiji wakilima shamba la pamoja, picha za akina mama wa kisomo cha watu wazima wameshika chaki kama wameshika yai. Mimi niliandika maelezo chini ya picha, kisha nikazibandika kwenye ubao wa matangazo karibu na soko. Vita vilipoanza zikaja picha za wanajeshi, na pamoja nazo akaja nahodha wa jeshi wa kuzikagua.

Alikuwa mtu wa kusini, mpole wa sauti na mkali wa macho. Hakuna picha iliyofika ubaoni bila kupita mkononi mwake. Namba ya gari, futa. Kibao cha barabarani, kata. Alama ya kikosi begani, kata.

"Ndugu," aliniambia siku ya kwanza, "mwananchi anataka kuona kwamba vijana wake wako hai na wanashiba. Adui anataka kujua wako wapi na ni wangapi. Wote wawili wataiangalia picha hiyo hiyo. Kazi yetu ni kumpa huyu na kumnyima yule."

Hotuba nilizosikia miaka ile ni nyingi, na karibu zote nimezisahau. Hiyo ilinikaa kwa sababu ilikuwa kweli. Ndege za adui zilikwisha kupita juu ya mji wetu, na baada ya hapo hakuna aliyehitaji kufundishwa woga.

Niliipenda kazi ile, tena niliiweza. Nahodha alizijua bunduki na magari, lakini nchi yetu hakuijua. Kwake mgomba wa Kagondo na wa Muleba ni mgomba tu. Mimi nimezaliwa Kamachumu, nimesoma huko, nimetembea kwa miguu kwenye kila harusi na kila msiba wa ukoo. Nilimwonyesha dirisha la kanisa ambalo Mkatoliki yeyote wa jimbo letu angelitambua. Nilimwonyesha daraja lililojificha kwenye majani. Kila mara aliitikia kwa kichwa na kusema, "Kata," na kila mara nilivimba kichwa kidogo.

Siku moja mpiga picha wetu alirudi kutoka upande wa Muleba na picha ya kombania ikila mchana. Ilikuwa nzuri kuliko zote tulizopata. Vijana wamechuchumaa kuzunguka masinia ya ndizi na maharage, wanacheka, mvuke unawapanda usoni. Nahodha aliikagua kwa makini, akatafuta namba, akatafuta alama, hakuona kitu.

"Hii iende," alisema.

"Hapana, afande," nikadakia. "Tazama hicho kilima nyuma. Mtu yeyote wa Kamachumu atakijua. Kina pengo juu, kama jino limeng'oka. Hakuna kingine cha namna hiyo."

Aliniangalia kwa heshima, nami nikafurahi. Akachukua rula, akaniambia nimwonyeshe mstari upite wapi. Nikainama mezani kumwonyesha, na ndipo nilipowatazama vizuri waliokuwa chini ya kilima, upande ule wa kukatwa. Wa mwisho kabisa alikuwa mdogo wangu.

Wanasema mdomo huponza kichwa. Nilitamani uponze cha kwangu.

Mdogo wangu alikuwa kitinda mimba wa mama. Vita vilipoanza alikuwa mafunzoni Tabora, na tangu hapo hatukupata barua wala salamu. Mama hakujua kama mwanawe yu hai. Kila Jumapili baada ya misa alimshika mkono yeyote aliyetoka mjini na kumwuliza. Na sasa mtoto wake huyu hapa, amekonda, shavu limejaa ndizi, na nyuma yake kipo kilima ambacho mama alikiona kila asubuhi alipokwenda nyuma ya nyumba kukata majani ya migomba. Alikuwa upande wa pili wa kilima kile. Mtu mwenye mzigo kichwani angeondoka asubuhi na kufika kabla jua halijawa kali.

Nahodha akakata. Ningesema nini? Samahani, afande, kilima sicho? Kipande kilichokatwa alikitia kwenye bahasha pamoja na filamu yake, akafungia kabatini.

"Ambacho hatukukitoa, hatukukiona," alisema, kama alivyosema siku zote.

"Ndiyo, afande."

Nusu ya kushoto niliibandika mwenyewe. Watu walijaa mbele ya ubao, wakisukumana, kila mmoja akitafuta wake. "Wanakula ebitoke, ndizi zetu, waitu! Wanashiba!" alipaza sauti mama mmoja, na wengine wakapiga vigelegele. Nilirudi ofisini, nikakaa, nikainuka, nikaenda dirishani.

Jumamosi nilipanda basi kwenda Kamachumu. Njia nzima nilijiapiza kwamba sitasema neno. Chini ya kilima mgambo walikuwa wameweka kizuizi, gogo limelazwa njiani. Kila mtu pale alijua kwamba ng'ambo kuna wanajeshi. Hakuna aliyejua ni watoto wa nani. Walikuja kwenye malori yaliyofunikwa, na hawakuruhusiwa kutoka wala kuandika barua. Akina mama walikuwa wakipeleka mikungu ya ndizi hadi kwenye gogo, wanaitua, wanageuka kurudi bila kuwaona walaji. Mama yangu alipeleka mara nyingi. Huenda hata zile za pichani zilitoka kwenye kibanja chetu cha migomba.

Nilimkuta jikoni na kahawa. Kwetu kahawa haiuzwi yote. Nyingine huchumwa bado mbichi, huchemshwa na majani ya kunukia, huanikwa, kisha hufungwa kwenye maganda makavu ya mgomba. Ndiyo akamwani, ya kutafuna. Mgeni hupewa kabla hajaulizwa habari, na mtoto anayeishi mbali hufungiwa kifurushi chake kila msimu. Mama alikuwa na watoto wawili tu walio mbali, mimi na mdogo wangu.

Hakuniuliza habari za vita. Mama aliiheshimu serikali kama alivyoliheshimu kanisa, na alijua kazi yangu ina mambo yasiyosemwa. Alikuwa akichana maganda ya mgomba juu ya paja lake. Bila kuinua macho akasema:

"Mwanangu, msimu huu nifunge vifurushi vingapi?"

Nilitoka nje. Nilikwenda nyuma ya nyumba, nikakitazama kilima, nikarudi. Nilikaa, nikainuka tena.

"Keti, waitu, unanizungusha kichwa."

"Viwili, mama," nikasema. "Funga viwili."

Mikono yake ilisimama. Machozi yalimtoka bila sauti, akayaacha yatiririke, akaendelea kufunga. Kile cha pili alikizungushia kamba mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Hakuuliza nimejuaje. Aliuliza jambo moja tu.

"Yuko mbali?"

"Siruhusiwi kusema, mama."

"Basi yuko mbali," alijijibu, akakitundika kifurushi juu ya mafiga. "Nitamtunzia."

Ningeweza kumwambia. Maneno yalinifika kooni, matamu, mafupi. Lakini nilimjua mama na niliijua Kamachumu. Furaha ya aina ile haikai ndani ya nyumba moja. Kabla ya jua kuzama kila mwanamke mwenye mtoto jeshini angekuwa kwenye gogo lile na chungu kichwani, akiita jina la mwanawe, na kesho yake soko zima la Bukoba lingejua ni kombania gani imejificha nyuma ya kilima. Na ndege zilikuwepo. Kesi hii nimeisikiliza peke yangu miaka mingi, mimi mshitaki na mimi mshitakiwa, na kila mara naachiwa huru. Hainisaidii kitu.

Siku si nyingi baadaye kombania ile iliondoka, ikavuka mto Kagera. Mdogo wangu hakurudi. Ofisa mmoja na mwenyekiti wa kijiji ndio waliokwenda kumwambia mama. Nilipofika msibani kifurushi kilikuwa bado juu ya mafiga, kimeanza kuwa cheusi kwa moshi, na hakuna aliyethubutu kukigusa.

Vita vilipokwisha nahodha akapata uhamisho. Kabla ya kuondoka alifungua kabati, akanitolea bahasha.

"Hizi sasa zinaweza kutoka," alisema. "Ya kale hayanuki, ndugu."

Nikakitoa kile kipande, nikamwambia huyu wa mwisho ni nani. Sikuwa nimemwambia kabla ya hapo. Alikishika, akavua kofia yake na kukaa chini.

Nilikipeleka kwa mama. Alinawa mikono, akaifuta vizuri, akaenda nacho mlangoni penye mwanga. Aliutazama uso wa mwanawe, akapitisha kidole juu ya shavu lililojaa.

"Alikuwa anakula," alisema.

"Alikuwa anakula, mama."

Nilidhani imeishia hapo. Nilikuwa karibu kumshukuru Mungu. Kisha kidole chake kikapanda juu taratibu, kikafika kwenye pengo, kikasimama. Akatoka na picha hadi nyuma ya nyumba, mahali pake pa kukatia majani, nami nikamfuata. Aliinua picha, akaishusha, akakitazama kilima. Akaiinua tena.

"Siku ile ya vifurushi," alisema, "ulijua?"

"Nilijua, mama."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alinirudishia picha, akaingia jikoni, akakitungua kifurushi juu ya mafiga, akakipangusa masizi na kukifunga kwenye upindo wa kanga. Kisha akashika njia ya kilimani, mbio mbio, kama mtu aliyechelewa. Nilimwita, hakugeuka. Gogo la mgambo lilikuwa limeondolewa zamani, na hakuna aliyemzuia.